Bukari ya Zafarani

"Mama Clémentine, hii nyuzi banakulaka ao banashonaka nayo?"

Ndivyo jirani yangu Kabedi alivyoniuliza asubuhi moja ya Kwaresima, kichwa chake kimechomoza juu ya ukuta wa matofali unaotenga uwanja wake na wangu. Mkononi alishika kikebe cha bati, kidogo kama kifungo cha koti la mkuu wa stesheni. Ndani yake mlikuwa na nyuzi nyekundu, fupi, zilizojikunja kama ndevu za mahindi zilizokaa juani.

Swali lake halikuwa la kijinga. Kabedi alikuwa mshonaji, na kila uzi uliofika mkononi mwake ulifika kwa ajili ya kupita kwenye sindano. Miaka ile Base, kambi kubwa ya wanajeshi karibu na mji wetu, ilikuwa inajengwa, na wake za maofisa walikuwa wanashuka Kamina na marinda yaliyokatwa kwa ajili ya nchi ya baridi. Madame, mke wa Mgiriki mwenye duka la vitambaa, alikuwa anayakusanya na kumletea Kabedi ayalegeze. Siku mbili kabla ya asubuhi ile Madame alimkuta Biuma, binti wa Kabedi, amekaa mlangoni. Akamtazama mikono, akamtazama shingo, akatikisa kichwa. Kesho yake akarudi na kikebe.

"Alisema nini?" nikamuuliza Kabedi.

"Alisema mutoto atakula. Atalala muzuri. Roho yake itafurahi. Kisha akaongeza maneno ya Kigriki, akabusu vidole vyake."

"Basi banakulaka."

"Na kama kwao banabusuka vidole juu ya uzi muzuri wa kushona?"

Nilinusa. Ilinukia asali, na nyasi zilizolala juani, na kitu kingine ambacho sikukipatia jina. Nikamwambia afunge kikebe chake, nitauliza.

Kwanza nieleze habari ya Biuma. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa kusoma hakuna mtoto aliyemshinda katika kampi yetu ya watu wa reli. Lakini mvua zilipoanza alishikwa na homa. Wakampa kwinini, homa ikaenda zake, nayo njaa ikaenda pamoja nayo na haikurudi. Alikaa mlangoni na tonge moja la bukari, ugali wetu wa mahindi, mkononi, akilizungusha mpaka linakuwa jeusi, kisha kuku analichukua. Usiku hakulala vema. Mchana hakucheka. Kabedi alikuwa anazipunguza nguo zake kila baada ya muda, na mshonaji anayepunguza nguo za mtoto wake mwenyewe hahitaji kuambiwa na munganga kwamba mambo si mazuri.

Tena yalikuwako mambo mawili yanayomngoja. La kwanza ni Masera Clotilde, sista wetu wa dispansari. Kabla ya Pasaka alikuwa anachagua wasichana wa kwenda kelasi ya bweni, wale watakaotoka huko wakiwa walimu. Biuma aliitaka kelasi hiyo kuliko nguo mpya. Lakini Masera alikuwa amesema wazi kwamba atawapima kilo, na kwamba hamchukui msichana wa kuangukaanguka kwenye mstari.

La pili ni Nkashama. Huyu alikuwa kaka mkubwa wa Ngalamulume, mume wa Kabedi. Ngalamulume alikuwa karani wa magazini ya mizigo kwenye stesheni, mtu wa kofia na kalamu sikioni, mwenye kuwapigia kelele wapagazi kutwa nzima. Lakini mbele ya kaka yake alikuwa mtoto wa kuogeshwa. Nkashama alikuwa amepeleka neno kutoka Luluabourg kwa mdomo wa konvoyeri, msindikizaji wa mizigo ya treni: anakuja Pasaka, na atakuja na sanduku la vitambaa kutoka kwa mchuuzi mmoja wa baiskeli, mwenye duka, anayetaka kumwoa Biuma. Hata hivyo Nkashama alijiona mtu wa haki. Alisema hivi: mtoto anayekula vizuri ana nguvu za kusoma, basi asome. Mtoto asiyekula, kelasi itamuua bure, basi aende kwa mume mwenye duka, akae. Yeye mwenyewe, alisema, alitoka kelasi ya misheni kwa sababu ya njaa, na hiyo njaa alikuwa anaijua kwa jina.

Kwa hiyo msichana alikuwa anakwenda bwenini ao kwa mwenye baiskeli, na njia zote mbili zilipita mdomoni mwake.

Mimi nilikuwa nafua na kupiga pasi vitambaa vya altare pale misheni, tangu mume wangu alipofariki. Nikafunga nyuzi chache kwenye leso, nikampelekea Masera Clotilde. Masera alikuwa mwanamke wa kusimama. Sikuwahi kumwona anakaa, hata kanisani nilidhani anapiga magoti haraka ili asikae. Alifungua leso, akanusa, akaketi kwenye benchi la wagonjwa, katikati ya mzee mwenye kidonda na mama mwenye mapacha.

"Clémentine," akasema kwa Kiswahili chake cha kitabu, "umeitoa wapi zafarani?"

Nikamwambia.

"Hiki ni kitu cha ndani ya ua. Watu huzichuma nyuzi hizi kwa mkono, mojamoja. Nyumbani kwetu, bibi yangu aliitia katika wali wa maziwa siku za sikukuu, na wali ukawa wa manjano. Alituambia kwamba mbinguni watakatifu wanakula wali huo kila siku, kwa vijiko vya dhahabu."

Niliporudi nyumbani nilitafuta katika katekisimu yangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Habari za wali sikuziona. Lakini Masera ni Masera.

"Inaponya homa?" nikamuuliza.

"Haiponyi homa. Homa ina kwinini yake. Wala haitii nyama mwilini. Nyama inatoka kwa maziwa, mayai, samaki na kunde. Sikiliza vizuri umwambie huyo mama. Kazi ya zafarani ni kumwita mtoto mezani. Inatuliza tumbo, inaamsha njaa, na wengine wanalala vizuri nayo, na moyo unakuwa mwepesi kidogo. Kwa msichana mkubwa kama Biuma, nyuzi chache tu katika kikombe. Mtoto anayenyonya asipewe. Mwanamke mwenye mimba asiichezee. Nyingi ni mbaya, kama dawa yoyote."

"Na chumvi, Masera?"

"Chumvi ni chumvi, Clémentine. Tieni kama siku zote."

Akasimama. Mzee mwenye kidonda akaomba naye anuse.

Nilimpelekea Kabedi maneno yale yote, na kama kuna yaliyopotea njiani, si yale ya mbinguni. Hayo aliyashika zaidi kuliko ya samaki na kunde. Akaloweka nyuzi katika maji ya vuguvugu, maji yakawa kama jua la asubuhi, akayamimina katika maziwa ya mkebe, akaongeza sukari kidogo, akampa mtoto.

Biuma akaweka pua kwenye kikombe. "Mama, inanukia nini?"

"Mbinguni. Kunywa."

"Minyi nisha kufa?"

"Kunywa, nimekuambia!"

Akanywa. Hakurukaruka, sitaki kudanganya. Alikunywa tu, akatazama chini ya kikombe, akapitisha kidole ndani, akakilamba. Kabedi alinitazama juu ya ukuta na macho yamejaa maji, kwa sababu ya kidole kile.

Tukaendelea hivyo. Maziwa asubuhi. Kisha wali wa manjano. Kisha wali na yai. Kisha wali na samaki wakavu wa Kinkondja ambao Kabedi alikuwa anawaweka kwa ajili ya wageni, akasema wageni wataona namna. Mtoto akaanza kulala. Akaanza kuulizauliza, tena maswali ya kuchokesha, yale ya mtoto mzima. Siku moja Ngalamulume alirudi kutoka stesheni, akasimama uwanjani na kofia yake.

"Ni nani anaimbaka humu mu nyumba?"

"Mutoto yako," Kabedi akasema.

"Mwambie aimbe polepole. Ninaumwa na kichwa."

Lakini alikaa nje kwenye kiti chake mpaka wimbo ulipokwisha, kichwa na kuumwa kwake.

Shida ilikuwa harufu. Kampi ya reli ina kuta, lakini kuta hazizuii pua. Mama Muteba wa nyumba ya mbele alikuja kuomba chumvi. Akarudi kuomba kichungi. Akarudi kuomba moto, na nyuma yake moshi wa jiko lake mwenyewe unapanda.

"Unapika nini, bibi?" akauliza, pua yake imekwisha kuingia jikoni, yeye mwenyewe bado mlangoni.

"Kwinini," Kabedi akajibu.

Mama Muteba hakuomba moto tena.

Siku ya kupimwa ikafika. Nilikuwa pale dispansari nachukua nguo za kufua, na niliona yote. Kabedi alimleta Biuma amevaa nguo tatu, moja juu ya nyingine, na ya juu kabisa ilikuwa ya sufu, ya mke wa ofisa fulani, yenye vifungo vizito vya chuma. Mtoto alitembea kama ndoo iliyojaa maji. Masera Clotilde akamtazama, akatoa nguo ya kwanza. Akatoa ya pili.

"Kabedi, mimi napima mtoto. Sipimi duka la Mgiriki."

"Iko na baridi, Masera."

"Jasho linamtoka."

"Ni jasho ya baridi."

Biuma akapanda kwenye mizani na nguo moja ya kotoni. Sindano ikatetemeka, ikafikiri, ikasimama. Masera akamfungua macho kwa kidole, akamtazama ulimi, akamwambia asome maandishi ya kalenda ukutani. Biuma akasoma mwezi mzima pamoja na watakatifu wake wote, akaanza na mwezi unaofuata mpaka wakamnyamazisha.

"Bado mwembamba," Masera akasema. "Lakini damu iko, na macho yako wazi. Nitamchukua. Baba zake wakubali tu."

Alisema baba zake, wengi, kwa sababu Masera alikuwa amekaa Kamina muda wa kutosha.

Nkashama akashuka kwenye treni siku ya Jumamosi Kuu. Koti jeusi, kofia nyeusi, na sanduku lililofungwa kwa kamba. Huko kwao alikuwa kiongozi wa chama cha wasiokunywa pombe, na alikuja nacho chama chake chote mdomoni. Alipita kampi nzima anawaeleza watu mabaya ya bia ya Base. Aliwaeleza mafundi wa garimoshi, aliwaeleza wapagazi. Alinifikia hata mimi.

"Mama mujane, weye unakunywaka?"

"Divai ya Mupe ku altare haifikake mpaka kwangu, Papa."

Akanitazama kama mtu anayepima kitambaa. Kisha akaingia kwa mdogo wake, akaliweka lile sanduku karibu na mlango, akaligonga kwa kidole.

"Musifungue. Kesho nyuma ya chakula njo tutajua. Mutoto akila muzuri mbele ya macho yangu, narudi na sanduku yangu, anaenda kelasi. Asipokula, sanduku inabaki hapa, na muchuuzi anakuja kuchukua bibi yake. Minyi niko muntu wa neno moja."

"Ndiyo, yaya," Ngalamulume akasema.

Ile "ndiyo, yaya" ya mdogo kwa kaka yake nilikuwa nimeisikia mara nyingi. Ilikuwa inatoka bila kupita kichwani.

Siku ya Pasaka, baada ya misa, Kabedi akapanga kupika wali wa manjano na kuku. Nilikuwa jikoni kwake, natoa manyoya. Nkashama akapita kwenda kunawa, akaona mchele kwenye ungo.

"Wali? Wali ni chakula ya bagonjwa na ya bazungu. Leo mutoto anakula bukari. Nataka kuona tonge, tonge ya muntu mukubwa, inateremuka."

Akaenda zake. Kabedi akakaa chini pale pale, katikati ya manyoya.

Maana hilo ndilo jambo ambalo hatukuwa tumemwambia mtu. Biuma alikuwa amerudi kula kila kitu, ila bukari. Tangu ile homa, harufu ya unga uliolowa ilikuwa inampindua tumbo. Wali, mayai, kunde, samaki, vyote vilikuwa vinaingia. Bukari ilikuwa inafika kwenye meno na kurudi.

"Mama Clémentine," Kabedi akasema, "harufu ya kikebe inamuitaka, hapana?"

"Inamuita."

"Basi itamuita mpaka ku bukari."

Akaenda kukitoa kikebe kilipokuwa kimefichwa, ndani ya kiatu cha zamani cha mumewe. Maji yalikuwa yanachemka.

"Kidogo, Mama Biuma," nikamwambia. "Masera alisema kidogo."

"Iko kidogo! Angalia, inabaki ya kujaza jicho ya kuku."

Na kweli haikuwa nyingi kwa tumbo, maana sufuria ilikuwa ya watu wengi. Lakini akaimwaga yote. Maji yakageuka rangi. Akatia unga mweupe, unga wa kusagwa jana, mweupe kama kitambaa cha altare, akaanza kuzungusha mwiko. Unga nao ukageuka. Harufu ikapanda, nzuri sana, Mama Muteba kule ng'ambo akakohoa. Kabedi akaigeuza bukari kwenye sahani, akaifanya mviringo kwa kata iliyolowa, akaipigapiga ikang'aa.

Ndipo tukaiona, sote wawili kwa pamoja.

Ilikuwa ya manjano.

Pengine ninyi wa siku hizi hamjui. Katika nyumba zetu za reli, bukari ni nyeupe. Mwanamke alisifiwa kwa weupe wa bukari yake. Unga wa manjano, ule wa mahindi ya manjano, ulikuwa unafika na magunia yake mwenyewe na kwenda njia mbili tu: nguruwe na wafungwa wa buloko, gereza letu. Mume aliyewekewa bukari ya manjano nyumbani kwake alikuwa na haki ya kuita wazee wa pande zote mbili. Tuliutia wali ile rangi wiki nyingi na haikutusumbua, kwa sababu wali wa manjano hauna jina baya. Bukari ya manjano ina jina.

"Bikira Maria," Kabedi akasema.

"Chakula iko wapi?" Ngalamulume akaita kutoka sebuleni.

Hakukuwa na unga mwingine. Kabedi akafunika sahani, akajiweka sawa kitambaa cha kichwa, akaingia. Mimi nikafuata na kuku, kwa kuwa aliyeshuhudia mwanzo lazima ashuhudie na mwisho.

Nkashama alikuwa amekwisha kunawa, mikono ameinua juu, maji yanatiririka kwenye viwiko. Biuma alikaa mkekani mbele yake, magoti pamoja, kama siku ya mitihani. Kabedi akapiga magoti, akafunua.

Mvuke ukapanda. Ngalamulume akatazama bukari, akatazama mkewe, na jasho likaanza chini ya kofia. Nkashama alibaki vile vile, mikono juu.

"Hii ni nini?"

"Ni bukari, Papa mukubwa."

"Minaona ni bukari. Minauliza rangi."

Kabedi alinigeukia mimi. Nikaona ni juu yangu kumsaidia.

"Ni chakula ya mbinguni, Papa," nikasema. "Masera mwenyewe njo alisema. Batakatifu banakulaka hii rangi, na kijiko ya dhahabu."

"Mbinguni." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Munaniambia minyi mbinguni." Akamgeukia mdogo wake. "Ngalamulume, mutoto wa mama yangu. Nani alikuambia?"

"Kuniambia nini, yaya?"

"Usijifanye mujinga! Ni ule konvoyeri, hapana? Ule wa kubeba maneno. Alikuambia ya kama nilikula hii bukari asubuhi na magaribi mpaka siku balinifungulia mulango. Na weye unaifanya ipikwe siku ya Pasaka, mbele ya mama mujane, juu ya kunikumbusha buloko!"

Kuku mmoja alipita mlangoni, akaona mwenzake kwenye sahani, akaendelea na safari.

"Buloko?" Ngalamulume akasema. "Yaya, ulikuwa mu buloko?"

Marehemu mume wangu aliendesha garimoshi. Ninaijua sauti ya mvuke unapotoka mahali usipotakiwa kutoka. Ndiyo sauti niliyoisikia kutoka kwa Nkashama. Alitazama uso wa mdogo wake, akauona hauna habari. Akatazama wa Kabedi, wa kwangu. Akaelewa kwamba konvoyeri alikuwa mtu mwema, hakusema kitu.

"Ilikuwa... ilikuwa kosa ya mapolisi," akasema. "Juu ya lutuku. Lakini ile lutuku haikuwa yangu. Iliwekwa tu mu nyumba yangu."

Lutuku ni ile pombe kali ya kupika kwa siri, iliyokatazwa na serikali. Kiongozi wa chama cha wasiokunywa akashusha mikono yake polepole.

"Chini ya kitanda?" Kabedi akauliza kwa upole wote wa mshonaji anayepima kiuno.

"Chini ya... Mwanamuke! Nani alikuambia chini ya kitanda?"

"Hakuna, Papa mukubwa. Minyi najaribu tu."

Nikashika rozari yangu kwa nguvu. Nilikuwa namwomba Mungu anizuie, maana cheko lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno yangu kama bukari ya Biuma.

Na hapo ndipo tukamkumbuka Biuma, kwa sababu ya sauti. Ilikuwa sauti ya mtu anayemeza. Watu wazima walipokuwa wanagombania rangi, ile harufu ilikuwa imeendelea na kazi yake bila kuuliza ruhusa ya mtu. Msichana alikuwa ameivuta sahani mpaka kwenye magoti yake. Upande mmoja wa bukari haukuwako tena. Alikata tonge, tonge la mpagazi, akalichovya kwenye mchuzi, likaenda. Akakata jingine. Vidole vyake vilikuwa vya manjano mpaka kwenye kucha.

Kabedi alikuwa anahesabu kwa midomo, bila sauti, kisha akaacha kuhesabu, akajifuta macho na kitambaa cha kichwa.

"Papa mukubwa," Biuma akasema, mdomo umejaa, "ile ya kule buloko ilikuwa inanukia hivi?"

"Hapana," Nkashama akajibu kabla hajafikiri.

"Basi haiko ile." Akamkatia kipande, akakisogeza upande wake. "Onja."

Mtu mkubwa yule akakitazama kile kipande kama mtu anayetazama polisi anavuka barabara kuja upande wake. Akakichukua. Akanusa kwanza. Akatafuna kidogo, akatafuna tena, na mashavu yake yakaanza kulegea. Akachukua kingine, akakichovya. Alikula mpaka akakutana mkono na mkono na Biuma juu ya kipande cha mwisho, na Biuma ndiye aliyekipata.

"Iko na nini ndani?" akauliza.

Kabedi akamwonyesha kikebe, kitupu, bado chekundu pembeni. "Nyuzi, Papa mukubwa. Lakini si ya kushona. Ni ya kuita mutoto ku meza. Nyingine yote ni maziwa na mayai na samaki ya Kinkondja, na minyi kukosa usingizi."

Ngalamulume akavua kofia yake. Sijui kama alijua kwamba anaivua. Akaiweka gotini.

"Yaya," akasema, na mara hii hakuanza na ndiyo. "Mutoto amekula. Mbele ya macho yako. Hata sehemu yako amekula. Ulisema uko muntu wa neno moja."

Nkashama akaligeukia lile sanduku.

"Na ile mambo ingine," Ngalamulume akaendelea, sauti inatetemeka lakini inakwenda, "minyi sikusikia kitu. Bibi yangu hakusikia. Mama Clémentine, weye ulisikia kitu?"

"Minyi nilikuwa naomba Mungu," nikasema, na ulikuwa ukweli mtupu.

Biuma alikuwa amekwisha kuvuta sufuria, anakwangua ukoko. Sauti ya kijiko chake kwenye chuma ilijaza nyumba.

Nkashama akanawa mikono. Akaisugua sana, lakini ile rangi haitoki kwa maji ya mara moja, ikabaki kwenye ncha za vidole. Akasimama, akavaa kofia nyeusi, akaiweka sawa mbele na nyuma. Treni ya Luluabourg ilikuwa ya kesho yake, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Akaenda mpaka mlangoni. Kabedi alishika mkono wangu, kucha zikaingia.

Aliinama pale penye sanduku. Akakaza kamba. Akaliinua, akalipandisha begani kwa vidole vyake vya manjano, akatoka uwanjani na kushika njia ya stesheni bila kuongeza neno.